Ramli za Westeros: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kijiwe chetu ni cha wasomaji wa George R. R. Martin, mwandishi wa vitabu vilivyozaa Game of Thrones na bara lake la kubuni la Westeros, hapa Dar, na kila anayefika mara ya kwanza anauliza yaleyale aliyouliza aliyemtangulia. Si vibaya. Ila mwenye kujibu mara nyingi ni mimi, na koo lina mwisho wake, kwa hiyo nimeyaandika.

Tahadhari: humu siri zote zimeanikwa, za vitabu vyote 5 na za sizoni zote 8. Kama bado uko katikati ya kitabu cha pili, funga, kasome, urudi.

Mkuu, hii stori si ilishaisha? Mimi niliiangalia yote.

Iliyoisha ni ile ya HBO, Game of Thrones, iliyoanza Aprili 2011 na kufungwa tarehe 19 Mei 2019 baada ya vipindi 73. Enzi zile watu walikuwa wanapeleka flashi Kariakoo kuchomewa sizoni, na Jumatatu ukiingia ofisini hujaangalia, utamu wote unaharibiwa kabla ya chai ya saa nne.

Ambavyo havijaisha ni vitabu. Mfululizo unaitwa A Song of Ice and Fire na umepangiwa vitabu 7. Vimetoka 5: mwaka 1996, 1998, 2000, 2005 na Julai 2011. Cha sita, The Winds of Winter, na cha saba, A Dream of Spring, bado. Cha tano kinafungwa Jon Snow, kamanda wa walinzi wa Ukuta wa barafu kule kaskazini, akiwa chini kwenye theluji baada ya kuchomwa visu na watu wake mwenyewe, Daenerys Targaryen, binti wa mfalme aliyepinduliwa, yuko nyikani na joka lake mbele ya wapanda farasi wa Khal Jhaqo, Stannis Baratheon, mmoja wa wanaogombea kiti cha enzi, amekwama kwenye dhoruba mwendo wa siku 3 kutoka ngome ya Winterfell, na Cersei, mama wa mfalme, anasubiri kesi. Hapo ndipo tulipotelekezwa. Mtoto aliyezaliwa wiki kilipotoka kitabu hicho sasa hivi anavaa sare ya sekondari.

Cha sita kinatoka lini?

Hakuna tarehe. Januari 2016 mwandishi aliandika mwenyewe kwamba tarehe alizowaahidi wachapishaji zimempita. Mwaka 2023 alisema muswada umefika kurasa kama 1,100. Muswada wa kitabu cha tano ulizidi 1,500, piga hesabu. Ukimwona mtu mtandaoni ana tarehe kamili, ujue anatafuta wafuasi.

Sasa mnabashiri nini wakati sizoni ilishatuonyesha mwisho?

Ilituonyesha mwisho wake yenyewe. Ni kweli watayarishaji wake, David Benioff na D. B. Weiss, walikaa na Martin akawaeleza anakoelekea. Wamesema wenyewe kwamba mambo 3 mazito yalitoka kwake: kuchomwa moto kwa Shireen, binti wa Stannis, chanzo cha jina la Hodor, mtumishi anayembeba kijana Bran Stark, na jambo moja la mwishoni kabisa. Isaac Hempstead Wright, aliyeigiza Bran, naye amesema aliambiwa kuwa Bran kuishia mfalme ni wazo la mwandishi. Kwa hiyo sisi hapa tunachukulia kwamba Bran atatawala, na asiyetaka kuamini hatumlazimishi.

Lakini njia ya kufika huko haiwezi kuwa ileile, kwa sababu sizoni iliwaacha watu wengi nje. Catelyn Stark aliyefufuliwa na sasa anawanyonga akina Frey msituni, hayumo. Kijana anayejiita Aegon Targaryen, aliyekwishatua Westeros na mamluki na tembo, hayumo. Arianne wa Dorne hayumo. Victarion Greyjoy, anayekwenda Meereen na baragumu inayosemwa inaweza kutawala majoka, naye hayumo. Wote hao wana visasi, au majeshi, au madai ya kiti cha enzi, na mwisho wowote lazima upite kwao. Mtu anayesema vitabu vitakuwa sizoni iliyoandikwa, sizoni kaiangalia, ila vitabu hajasoma.

Nadharia ya maana na porojo mnazitenganisha vipi?

Swali hili ndilo ningependa liulizwe kwanza, na huwa haliulizwi.

Nadharia ya maana inaanzia kwenye kitu kilichokukera ukiwa unasoma. Mwandishi kaweka jambo ambalo halina kazi yoyote pale lilipo, au mtu mwenye akili zake anafanya kitu kisichoeleweka. Unalibeba hilo jambo, unasonga mbele, na baada ya sura 20 unakutana na jingine linalofanana nalo. Porojo inaanzia kwenye mwisho unaoutamani (nataka Tyrion apande joka, nataka Arya awe malkia), halafu inarudi nyuma kuokotaokota ushahidi. Ushahidi wa kuokota haukosekani: vitabu vyote 5 vina maelfu ya kurasa, ukitaka kuthibitisha kwamba Hodor ndiye mfalme wa kweli utapata mistari ya kukusaidia.

Sura za vitabu hivi zimepewa majina ya wahusika, kwa hiyo hapa kijiweni ukisimama na nadharia utaulizwa kitu kimoja tu: sura ya nani, kitabu cha ngapi? Ukijibu "niliona YouTube", kahawa ya siku hiyo ni juu yako.

Kwa nini mna uhakika hivyo kwamba Jon si mtoto wa nje wa Ned Stark, bwana wa Winterfell aliyemlea?

Kwa sababu nadharia hii imepita kipimo hicho kwa zaidi ya miaka 20. Watu walikuwa wanaijadili kwenye intaneti mwaka 1997, kitabu kikiwa kimoja tu sokoni: kwamba Jon ni mtoto wa Rhaegar Targaryen, kaka yake Daenerys, na Lyanna Stark, dada yake Ned. Inasemekana pia, na watayarishaji wenyewe ndio wasimulizi, kwamba walipokwenda kumwomba Martin haki za vitabu aliwauliza swali moja la mtego: mama yake Jon ni nani? Walipatia, wakapewa.

Turudi ukurasani. Kitabu cha kwanza, sura za Ned. Ned yuko kitandani, mguu umevunjika, homa imempanda, kapewa dawa ya kulala, na anaota mnara kule milima ya Dorne. Ameufikia na wenzake 6. Mbele yao wamesimama watu 3 wenye majoho meupe, walinzi wa mfalme: Arthur Dayne, Oswell Whent na Gerold Hightower, na huyo wa mwisho ndiye kamanda wa kikosi kizima. Ned anawahoji kwa upole kabisa. Vita vikubwa vilipiganwa mahali fulani, mbona hamkuwepo? Mji mkuu ulianguka, mfalme wenu akauawa, mlikuwa wapi? Malkia na mtoto wake Viserys wamekimbilia kisiwani, nilidhani mtakuwa pamoja nao. Wao wanajibu kwamba walinzi wa mfalme hawakimbii. Kisha wanapigana, na kati ya watu 10 wanatoka wawili tu, Ned na Howland Reed.

Simamisha hapo. Mfalme Aerys amekufa, mrithi wake Rhaegar amekufa. Kwa jinsi kila mtu anavyojua, mfalme aliyebaki ni Viserys. Kamanda wa walinzi wa mfalme ana kazi gani kwenye mnara wa milimani? Kiapo chake ni kumlinda mfalme, na mtu wa aina ile hafi kwa ajili ya mnara mtupu. Jibu pekee lisilomgeuza mpumbavu ni kwamba mle ndani mlikuwa na mfalme, na alikuwa mchanga wa siku chache.

Sasa unganisha na mengine. Lyanna alifia kwenye kitanda cha damu, chumba kikinuka damu na maua ya waridi, akimwomba Ned amwahidi kitu; ahadi yenyewe hatujawahi kuambiwa, ingawa Ned anaikumbuka kitabu kizima. Ned akiwawaza watoto wake kwa majina anawataja Robb, Sansa, Arya, Bran na Rickon, halafu Jon anakuja peke yake, kama mfano wa mtoto ambaye Catelyn angelazimika kumpima dhidi ya wale wa tumbo lake. Kwenye mashindano ya Harrenhal Rhaegar alimpita mkewe Elia mbele ya kadamnasi akampa Lyanna taji la waridi za buluu. Na kitabu cha pili Daenerys anaona maono ya ua la buluu limechipua kwenye ufa wa ukuta wa barafu. Nani anaishi kwenye ukuta wa barafu?

Sababu ya kuficha unaijua. Robert Baratheon, aliyewapindua akina Targaryen akawa mfalme, alionyeshwa maiti za watoto wa Rhaegar zimeviringishwa kwenye majoho, na roho yake ikatulia. Mtu wa hivyo humwambii kwamba kuna mwingine kabaki.

HBO ilithibitisha Juni 2016. Vitabuni bado haijasemwa.

Kwa hiyo Daenerys ni shangazi yake?

Shangazi kabisa, dada wa baba. Akina Targaryen hawaoni tabu. Sisi tunaoona tabu tunajadiliana hilo faragha.

Jon amekufa au hajafa?

Amekufa, na atarudi. Swali la kuumiza kichwa ni nani atakayerudi.

Angalia kitabu cha tano kinavyofunguliwa. Sura ya kwanza kabisa tunapewa mtu anayeitwa Varamyr, mwenye uwezo wa kuingia kwenye miili ya wanyama. Anakufa, na roho yake inahamia kwa mbwa mwitu wake. Tunafundishwa taratibu kanuni zote: kwamba unaishi mara ya pili ndani ya mnyama, na kwamba ukikaa humo sana ubinadamu unapungua siku hadi siku. Varamyr hana umuhimu mwingine wowote. Kisha mwishoni mwa kitabu hichohicho Jon anachomwa visu, na neno la mwisho kutoka kinywani mwake ni Ghost, jina la mbwa mwitu wake. Martin hawezi kutumia sura nzima kufundisha kanuni asiyoihitaji.

Melisandre, kuhani wa moto wa Stannis, naye yupo palepale Ukutani, na dini yake tumeshaona inafufua. Beric Dondarrion alifufuliwa mara 6, na kila mara alirudi na pungufu, hadi akawa hakumbuki nyumba yake. Catelyn karudi na chuki peke yake. Kwenye sizoni Jon alirudi yuleyule, na nywele kafunga vizuri. Mimi sitarajii hivyo vitabuni. Nategemea mtu mgumu zaidi, mwenye tabia za mnyama kidogo, na wale walinzi waliomchoma visu kwa kilio cha kulinda kikosi watajuta kwa namna ambayo itatutia hata sisi mashaka na Jon.

Huyu Aegon ni wa kweli au feki?

Hapa kijiweni pamewahi kunyanyuliwa viti kwa ajili ya swali hili.

Hadithi anayoisimulia yeye na waliomlea ni hii: yeye ni mtoto wa kiume wa Rhaegar na Elia, yule anayejulikana kuuawa akiwa kichanga. Varys, mkuu wa majasusi wa mfalme, alimtorosha, akaweka mtoto wa mtengeneza ngozi mahali pake. Akalelewa ng'ambo na Jon Connington, nywele zimepakwa rangi ya buluu, akafundishwa lugha, historia, kufua nguo zake, kuvua samaki. Sasa ametua na Kikosi cha Dhahabu na ameshaanza kuteka ngome.

Wanaosema ni feki wanasema ni uzao wa Blackfyre, tawi la wana wa nje wa Targaryen lililoasi mara kadhaa. Hoja yao kubwa ni Kikosi chenyewe. Kilianzishwa na Bittersteel, mtu aliyeapa maisha yake yote kuwapigania akina Blackfyre, na kwa miaka mingi kilivuka bahari kwa sababu hiyo. Iweje leo kivunje mkataba wake na watu wa Myr ili kumpigania Targaryen? Illyrio, tajiri wa ng'ambo anayeshirikiana na Varys, anamwambia Tyrion kwamba mikataba mingine huandikwa kwa wino na mingine kwa damu. Halafu anaongeza kwamba joka likiwa jekundu au jeusi, ni joka. Jekundu ni bendera ya Targaryen, jeusi ya Blackfyre. Illyrio huyohuyo ana sanamu ya ujana wake, kijana mzuri mwenye upanga, na ana nguo za mtoto wa kiume ndani ya kasha, na akimtumia yule kijana zawadi na salamu anakuwa na huzuni ambayo mfanyabiashara hana haja nayo. Na Daenerys alishaonyeshwa kwenye maono joka la kitambaa likiyumba juu ya nguzo na watu wakilishangilia.

Wanaosema ni wa kweli wana karata moja, lakini ni nzito. Mwisho wa kitabu cha tano Varys amempiga Kevan Lannister mshale, yuko naye chumbani, Kevan anakata roho, na hakuna mtu mzima mwingine wa kusikia. Varys anamwambia Aegon yu hai na amefika. Kwa nini umdanganye maiti?

Mimi niko upande wa feki, na jibu langu kwa karata hiyo ni kwamba ukisoma upya maneno ya Varys, anachokisifia ni malezi: kajua njaa, kajua kukimbizwa, anaona ufalme ni wajibu. Kuhusu damu hasemi kitu. Ila cha kufurahisha zaidi ni kwamba huenda kijana mwenyewe hajui, Connington hajui, na Daenerys atakapofika atawakuta wananchi wameshampenda. Hapo ukweli unakuwa hauna msaada kwa mtu yeyote. Hilo ndilo linalonifanya niamini Martin ana mpango naye mkubwa kuliko kumuumbua.

Nani aliandika ile barua ya waridi?

Barua aliyopokea Jon kabla ya kuchomwa visu, yenye saini ya Ramsay Bolton, ambaye ukoo wake umeishika Winterfell, inayodai Stannis amekufa baada ya vita vya siku 7. Wengi tunahisi si ya Ramsay. Barua zake za kabla ziliandikwa kwa damu na kuambatanishwa kipande cha ngozi ya mtu. Hii haina ngozi. Mhuri wa kawaida wa Bolton ni kitufe safi cha nta ya waridi. Huu umepakazwa tu. Na anadai arudishiwe bibi harusi na Theon, maana yake wamemponyoka, lakini anajua watu wa Ukutani kwa undani ambao angeupata kwa Mance tu, yule mfalme wa watu wa ng'ambo ya Ukuta aliyetumwa Winterfell kwa siri. Wanaotajwa zaidi ni Mance mwenyewe na Stannis. Mimi nasema Ramsay kaiandika, ila amedanganywa kuhusu Stannis. Niulize wiki ijayo, naweza nikawa na jibu jingine.

Kwa maana hiyo Stannis hajafa?

Kuna sura ya Theon ambayo mwandishi aliitoa mapema, ya kitabu cha sita, na humo Stannis yuko hai, amepiga kambi kwenye kijiji chenye maziwa mawili yaliyoganda. Watu wake wamekaa siku nyingi wakitoboa barafu kutafuta samaki. Kuna mnara wa kuwashia moto. Kuna kisiwa kidogo katikati ya ziwa chenye mti wa kuabudia. Na akina Frey wanakuja na farasi wazito ndani ya dhoruba, hawaoni kitu isipokuwa taa.

Unaona inakoelekea? Zima moto wa mnara, washa wa kisiwani, na wapanda farasi watafuata mwanga juu ya barafu iliyojaa matundu. Nadharia hii naipenda kuliko zote kwa sababu haihitaji uchawi wala damu ya kifalme, inahitaji samaki.

Linaloniumiza ni Shireen. Katika sura hiyohiyo Stannis anamwagiza mtu wake kwamba hata akisikia kuwa yeye amekufa, aendelee kukodi askari na amweke binti yake kwenye kiti. Baba huyo ndiye anayehusishwa na kumchoma binti huyohuyo. Wengi hapa wanaamini kitatokea bila yeye kuwepo, kwa mikono ya Melisandre na mama mtu. Mimi nadhani atakuwepo, na atakuwa amejishawishi kwamba ni wajibu.

Ni kweli Manderly aliwalisha akina Frey ndugu zao?

Soma harusi ya Winterfell, kitabu cha tano. Frey watatu walitoka White Harbor na hawakufika. Wyman Manderly, bwana mnene anayedharauliwa na kila mtu, kaja na mikate mitatu mikubwa ya nyama, anaikata mwenyewe, anawapa akina Bolton na akina Frey vipande vikubwa, na yeye anakula akisifia. Kisha analewa anaomba wimbo wa yule mpishi wa hadithi aliyempikia mfalme mtoto wake. Mwandishi hasemi kitu. Hana haja.

Utabiri wa Cersei: nani atamnyonga?

Akiwa msichana Cersei alikwenda kwa mganga, Maggy, akaambiwa watoto wake watatu watavikwa dhahabu na kuzikwa, na kwamba mdogo wake wa kiume atamkaba koo hadi afe. Yeye kaamua ni Tyrion, na maisha yake yote kayaendesha kwa hofu hiyo. Wasomaji karibu wote tunasema ni Jaime, pacha aliyezaliwa nyuma yake akiwa amemshika kisigino.

Kila aliyewahi kumsindikiza mtu kwa mganga anaujua mtindo huu: mbaya wako ni mtu wa karibu. Mteja anarudi nyumbani anamchukia shemeji, na ugomvi ambao haukuwepo unazaliwa. Cersei ndiye huyo mteja. Ubashiri wote wa Martin unafanya kazi hivyo, hata ule wa mkombozi Azor Ahai. Mkibishana kama ni Jon au Daenerys au Stannis, kumbukeni kwamba mpaka sasa karibu kila mtu aliyefuata utabiri katika vitabu hivi ameumia kwa kuufuata.

Nina nyingine nyingi ndogondogo.

Coldhands, yule mtu wa ajabu anayemsindikiza Bran, ni mjomba Benjen? Siye. Mhariri aliuliza hilo pembeni ya muswada, mwandishi akajibu kwa herufi kubwa kwamba hapana; muswada uko maktaba ya chuo cha Texas A&M. Sandor Clegane yu hai? Yu hai, anachimba makaburi kwenye kisiwa cha watawa: mkubwa wa umbo, anachechemea, na farasi wake mkorofi yuko zizini. Tyrion ni Targaryen? Natumaini hapana, maana ugomvi wake na Tywin unakosa maana kama Tywin si baba yake. Daario ndiye Euron? Kaa chini.

Mwandishi akiona mashabiki wamegundua, si atabadilisha?

Amelijibu hili hadharani, mwaka 2014 kule Edinburgh. Alisema kuna wasomaji wamepatia, na alijiuliza abadilishe au aache, akaona akibadilisha dalili zote alizozipanda zitakuwa uongo. Ataendelea. Hata sisi hatukuacha kusikiliza habari za Fumo Liyongo kwa sababu tunajua sindano ya shaba inakuja.

Lakini anabadilisha mengine. Yeye anajiita mkulima wa bustani, hachori ramani ya nyumba nzima kabla ya kujenga. Mwaka 1993 alimwandikia wakala wake barua ya kurasa chache kueleza hadithi yote, ambayo baadaye ilivuja. Ilikuwa ya vitabu 3 tu. Humo Jaime anajitwalia kiti kwa kuua kila aliye mbele yake, Tyrion anaichoma Winterfell, na Jon na Arya wanapendana. Kati ya hayo hakuna lililotokea. Kilichobaki ni orodha ya watu 5 aliosema wataishi hadi mwisho: Tyrion, Daenerys, Arya, Bran na Jon. Ukiwa na nadharia inayomuua mmoja wao mapema, jiandae kuulizwa.

Na kama haitakamilika kabisa?

Inawezekana. Mwandishi alizaliwa 1948. Robert Jordan alifariki 2007 kabla ya kumaliza The Wheel of Time, na Brandon Sanderson akaifunga kwa maandishi aliyoyaacha, kitabu cha mwisho kikatoka 2013. Kwa Martin sitegemei hivyo. Nadharia zetu zitabaki nadharia, na bado hoja ya wale walinzi 3 mnarani itakuwa nzuri vilevile.

Nataka kuanza. Vitabu nitavipata wapi hapa Dar?

Tembelea wauza vitabu vya mitumba wa barabarani mjini Posta, upande wa Samora, ukiwa na subira na bila kuonyesha shauku, maana bei inapanda kwa jinsi unavyokishika kitabu. Maduka ya vitabu vipya nayo huwa navyo au huagiza.

Angalizo moja. Nakala nyingi za mitumba ni za Uingereza, na huko kitabu cha tatu na cha tano, toleo la jalada laini, vilikatwa vipande viwili kila kimoja. Cha tatu kina Steel and Snow na Blood and Gold. Cha tano kina Dreams and Dust na After the Feast. Soma maandishi madogo chini ya jina kabla ya kutoa hela. Kuna mdau wetu wa Tandika alianza na Blood and Gold akidhani ni kitabu kizima, akakutana na Harusi Nyekundu, ile inayogeuka mauaji, hajui hata nani ni nani. Alidhani ni sherehe ya kawaida, akasoma hadi mwisho, ndipo akatafuta kipande cha kwanza.